Macho ya Baba Mkwe

Mzee Sedekia aliponiona nimeshika sindano ya ganzi, alifumba mdomo. Mimi ni tabibu wa zahanati, tena mke wa mwanawe, na kwetu Kyela mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Lakini daktari wa meno alikuwa Mbeya, na shavu la mzee lilikuwa limevimba hadi jichoni.

"Nitamung'unya peremende, harufu ya mdomo itakwisha," aliuambia ukuta.

"Hizo peremende za Malawi ndizo zimeliozesha jino," niliiambia sakafu. "Kuna usaha, baba. Ukiingia kwenye damu utakuua."

"Mwaka mzima nalala nimempa mgongo!" mama mkwe alifoka. "Achama!"

Mzee alinyoosha mkono. Kisha akavuta kanga ya mkewe, akajifunika macho, akaachama.

"Kuanzia kesho, mswaki hadi kwenye ulimi," nilinong'ona, nikainama na sindano.