Jumamosi ya Kunyanyua Pikipiki

Wiki tatu kabla ya safari, Sista alikuwa hatulii. Wodini alipima watu presha huku mguu wake wa kushoto ukikanyaga gea isiyokuwepo, mpaka bibi mmoja mgonjwa akamwambia, "Mwanangu, ukishafika huko unakokwenda, rudi univue hiki kitambaa mkononi."

Wasafiri walikuwa watatu: yeye; Shemeji, yaani mume wa dada yake, dereva wa lori la saruji; na rafiki yao fundi friji waliyemwita Baridi. Kilomita elfu mbili na mia tatu kwa pikipiki, siku kumi na moja, nne kati ya hizo mchanga mtupu bila kituo cha mafuta. Wazo lilikuwa la Shemeji. Miaka miwili alikuwa akichora njia kwenye ramani aliyoibandika ukutani, juu ya meza ya chakula, watoto wakila chini yake.

Jumamosi asubuhi walikutana uwanja wa shule kwa majaribio, mizigo yote imefungwa, madumu yamejaa. Sheria ilikuwa moja: kila mtu ailaze pikipiki yake, kisha aiinue peke yake.

"Kule hakuna wa kumwita," alisema Baridi, akainua yake kwa kelele nyingi.

Sista aliipa yake mgongo, akachuchumaa, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, akasukuma kwa miguu. Ikasimama.

Ya Shemeji ilipanda nusu, ikarudi chini. Akacheka, akasingizia viatu. Lakini Sista aliuona mkono wake ukishuka kinenani na kubonyeza, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake. Alikuwa na miaka tisa wodi ya upasuaji, hakuhitaji kuambiwa.

Akamfuata bombani. "Shem, una ngiri."

"Ya siku nyingi. Tumezoeana."

"Inarudi ndani?"

"Inarudi. Mara nyingine inagoma kidogo." Akatazama pembeni. "Usimwambie dada yako. Tukirudi nitajilaza mwenyewe mezani kwenu, mnikate mtakavyo."

Sista akanyamaza. Likizo yake ilikuwa imeshasainiwa, na aliipata kwa kubembeleza nusu mwaka. Akanyamaza Jumapili, akanyamaza Jumatatu. Jumanne alipanga begi, akalipangua, akalipanga tena, na kila alipolifunga alijiona mchangani na mtu anayejikunja kwa maumivu, hospitali ikiwa mwendo wa siku nzima. Utumbo ukinaswa haungoji hivyo. Akaenda kwa dada yake na sare zake za kazi, akayasema mbele ya Shemeji mwenyewe, wakiwa mezani.

"Umeniuza," alisema Shemeji.

"Nimekuuza. Kesho saa mbili nakungoja kliniki."

Dada alianza kukusanya sahani, na watu hawajamaliza kula.

Shemeji alipasuliwa wiki iliyofuata, akakatazwa kunyanyua kitu kizito kwa miezi. Safari ikasogezwa mpaka mwakani. Likizo ya Sista haikusogezeka.

Asubuhi ya siku waliyotakiwa kuondoka, alishindwa kukaa ndani. Aliwasha pikipiki bila begi hata moja, akaenda kilomita mia moja na themanini, mpaka lami inapoishia. Akaingia mchangani hatua kama kumi, gurudumu la mbele likazama, akalivuta huku akilitukana. Alisimama pale akitazama mbele mpaka shingo ikamuuma. Kisha akageuza.

Alipitia kwa dada yake. Shemeji alikuwa amelala kwenye kochi. Hakuwa amemsemesha tangu siku ile. Aliyatazama mavumbi kwenye suruali ya Sista.

"Lami bado inaishia pale kwenye mnara wa simu?"

"Wameiongeza kidogo. Kama kilomita mbili."

"Na mchanga?"

"Mwepesi, Shem. Upepo wa matairi itabidi tupunguze sana."

"Kiasi gani?" Akajaribu kujiinua kwa kiwiko, uso ukakunjamana.

"Lala chini!" dada alifoka kutoka jikoni, hata bila kumwona.

Akalala. Sista akavuta kiti, akaanza kumweleza.