Kanyamaza, Karidhia

Mume wangu, Mzee Nassor, si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemlaumu nikapumua.

Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya bahari hapa kijijini kwetu, kusini mwa Pemba. Watu wa mradi wa kuhifadhi bahari waliposema kamati lazima iwe na kijana, akamchagua Asya, binti wa jirani, hodari wa kuchokoa pweza. Akamweka mbele, akamsogezea kahawa na halua kwa mkono wake.

Siku ile walikuwa wanachagua mwamba wa kufunga miezi sita ili pweza wazaliane. Asya alipitia jikoni kwangu akanieleza atakalosema: wafunge mwamba wa mbali, kwani huu wa karibu ndio pekee ambao yeye na wenziwe wanaufikia kwa miguu. Nikamwambia akaliseme vivyo hivyo.

Wazee wakaupendekeza wa karibu, eti rahisi kuulinda. Mwishoni Nassor akauliza vijana wanasemaje. Asya akainamisha kichwa. Mtoto aliyelelewa huku hadakii neno mbele ya wakubwa. Hungoja aambiwe mara ya pili, sema mwanangu. Nassor akatabasamu, akawaambia wenzake, "Kanyamaza, karidhia." Likapita.

Aliponisimulia, nilimuuliza kama alikwenda kufunga mwamba au kuozesha. Mwari akiulizwa mume, kimya chake ndiyo idhini yake, sawa. Lakini pweza si posa. Alijua amekosea. Angeweza kuwaita wazee tena kesho yake, ila aliona haya kuvunja kauli yao.

Mwamba ukafungwa, Asya akaenda kuvunja kokoto apate riziki. Mwamba ulipofunguliwa, wenye vyombo vya baharini waliuwahi maji hayajapwa vizuri. Waliokuja kwa miguu wakaambulia mabaki. Inaniuma mpaka leo, na Nassor inamuuma zaidi, maana tangu hapo hali pweza.

Mwaka huu kikao kilipokaribia alimfuata Asya kwenye kokoto zake, akaketi chini, akamtaka radhi. Akamwomba aje, yeye ndiye atakayefungua mazungumzo. Asya akajifuta vumbi, akamwamkia vizuri.

"Miye nlikuwa na neno moja tu, Mzee," akamwambia, "na lilikuwa la mwaka ule."

Tangu siku hiyo Nassor amewaendea vijana wengine, nyumba hata nyumba. Wote humpokea kwa adabu, wala hakuna anayekuja kikaoni.