Moshi wa Muthokoi

Mgeni alitoka hemani amejifunga taulo nyeupe, akanusa hewa huku amekunja uso, akauliza, "Nani anachoma kitu?" Swali hilo lilimfikia Gachau, meneja wa kambi, kabla chai haijamfikia mgeni mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa akichoma kitu. Ng'ambo ya ua wa michongoma, Kaluki alikuwa akipika muthokoi. Mumewe alitimiza mwaka kaburini siku hiyo, na akina mama wa kanisa walikuwa njiani kuja kumwombea. Mahindi yaliyokobolewa na mbaazi havipendi haraka. Tangu alfajiri sufuria ilikuwa mafigani, na upepo wa kijiji cha Ngoliba, usiojua mpaka wala hatimiliki, ulipeleka moshi kwenye mahema.

"Ndinda," Gachau alimwita mhudumu wake kwa upole, "yule si shangazi yako?"

"Ni mama yangu mdogo."

"Basi ni rahisi. Mwambie azime moto mpaka jioni, wageni wakishaondoka. Watu wametoka Ruiru na Nairobi kutafuta hewa safi. Sisi ni kambi ya mazingira, unajua."

Ndinda alijua. Ni yeye aliyewatembeza wageni kila wikendi, akiwaonyesha kwa fahari taa za nguvu za jua, vyoo visivyotumia maji, maji ya kuogea yaliyochujwa yakanywesha miti, na vitanda ambavyo mtu akivilalia husahau kuamka. Dunia imechoka, aliwaambia, nasi hapa tunaipumzisha. Aliyaamini maneno hayo. Hata alipokuwa akiuzunguka ua kwenda kwa Kaluki, aliamini kwamba amebeba ombi dogo tu.

Kaluki alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Umekuja kama nani, mwanangu? Kama mtoto wa dada yangu, au kama mtu wa huko?"

Ndinda aliitazama sare yake. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi angeuweza. Lakini Kaluki hakugomba. Aliinama, akavuta kijinga kimoja cha moto, akakisokomeza mchangani. Akavuta cha pili.

"Kazi haziokotwi njiani," alisema. "Sitaki ufukuzwe kwa sababu ya sufuria yangu. Akina mama nitawapa chai. Watanielewa."

Laiti angemtukana! Tusi lina pa kujibiwa. Utii ule ulimchoma Ndinda kuliko tusi. Mjane alikuwa akiuzima moto wa kumbukumbu ya mumewe, uani kwake mwenyewe, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekosea. Na kuni zenyewe zilikuwa nini? Vijiti vya mbaazi vilivyokauka shambani baada ya mavuno. Jana jioni Ndinda mwenyewe aliwawashia wageni gogo zima la mgunga ili wapige picha. Moshi ukawaingia machoni, wakacheka. Moshi ule uliitwa mandhari. Huu unaitwa uchafuzi.

"Acha, mama," alisema. Akakichukua kijinga mkononi mwa Kaluki, akakirudisha mafigani. Akapiga magoti na sare yake ya kijani, akapuliza mpaka miali ikailamba sufuria.

"Ndinda!" Gachau alikuwa amesimama ng'ambo ya ua wa michongoma. "Nilikutuma nini?"

"Jana ulinituma niwashe, leo nizime. Mgunga ule ulinizidi umri, na hakuna aliyekohoa."

"Ule ulikuwa wa wageni. Usilinganishe."

"Silinganishi. Huyu anapikia watu."

Akakiokota na kile kijinga cha mchangani, akakirudisha motoni.

"Ukibaki huko," Gachau alisema polepole, "usirudi huku."

Kaluki alimshika mkono. "Nenda, mwanangu. Mwombe radhi."

"Kwa kosa gani, mama?"

Gachau aliondoka. Ndinda akaongeza kuni.

Akina mama walifika wakiimba, vitambaa vyeupe vichwani, na uwanja ukajaa. Sala zilikuwa zikielekea mwisho pale mgeni wa kambini, sasa amevaa vizuri, alipochungulia juu ya ua na simu yake.

"Hii ndiyo Kenya halisi!" alisema kwa furaha ya kweli. "Naomba picha. Msiangalie huku, endeleeni tu kama kawaida."

Ndinda alisogea mbele ya akina mama.

"Weka simu mfukoni. Hapa tunamkumbuka marehemu. Ukitaka kula, zunguka barabarani, upite mlangoni, uwasalimie watu."

Mgeni alibaki ameinua simu nusu. Alitazama nyuma, kwenye mahema, kisha akaitazama njia ya vumbi iliyouzunguka ua. Ndinda hakungoja kuona angechagua lipi. Muthokoi ulikuwa umeiva, na Kaluki alikuwa amekwisha kushika sikio moja la sufuria, akitafuta kwa macho mtu wa kulishika la pili.