Yule Anayerudi

Sanduku lile nililipata mtaa wa Panda, hapa Likasi, katika nyumba ya Wazungu niliyokuwa nikifagia. Walipokimbia baada ya askari kupora mji, madamu aliniambia nichukue kile ninachotaka. Wenzangu walichukua sufuria na mapazia. Mimi nilikuta sanduku hilo chini ya kitanda cha mtoto, nikalichukua kwa sababu ya picha ya kifuniko: mlango wa jiwe, na nyuma yake ngazi zinazoshuka gizani.

Ndani mlikuwa na vipande vya kartoni vinavyounganishwa kuwa njia na vyumba vya chini ya ardhi. Mlikuwa na dadu, kadi, na watu wadogo wa plastiki wenye urefu wa kidole: askari mwenye upanga, mzee mfupi mwenye shoka, mama mwenye fimbo, na maadui wa kila namna. Kijitabu cha sheria kilikuwa cha Kifaransa. Wakati ule sikujua kukisoma. Niliweka sanduku juu ya kabati, nikalisahau.

Nililishusha mwaka ule ambapo watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi. Mume wangu Léon alikuwa mmoja wao, ingawa alizaliwa hapa hapa na hakuwahi kuona Kasai hata siku moja. Tulilala gare, yaani stesheni, pamoja na mama yake kwa majuma mengi, tukingoja treni katikati ya magodoro na sufuria za watu. Treni ilipokuja, Léon hakuniruhusu kupanda.

"Weye uko mutoto wa hapa," aliniambia. "Habatakugusa. Ulinde nyumba, nipeleke mama, nitarudi."

Mama yake alikuwa akiumwa, hakuweza kusafiri peke yake. Léon alimbeba mgongoni, akapanda behewa la mizigo. Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho.

Nyumba ikawa kimya. Ili nisiusikie ukimya huo nilijiandikisha katika masomo ya jioni kanisani, nisome Biblia ya Kifaransa. Na nilipoanza kuunganisha maneno, nikashusha sanduku. Kijitabu kilisema mtu anaweza kucheza peke yake. Maneno hayo niliyaelewa haraka.

Basi, kila alasiri kabla ya darasa, wakati jua lingali dirishani, nilipanga vyumba juu ya sakafu. Niliomba kwanza, kisha nikatupa dadu na kusimulia kwa sauti: "Sasa wanashuka kwenye mwina. Taa zao ni dhaifu. Mzee anasikia maji." Mwina kwetu ni shimo, na mwina wangu nilijua unavyofanana: baba yangu alifanya kazi mgodini Shinkolobwe, alitusimulia jinsi mtu anavyogusa ukuta kwa mkono akitafuta njia. Mahali pa vipande vilivyopotea niliweka vya kwangu. Visoda vya chupa vilikuwa mitego, uzi wa shaba ulikuwa joka.

Katika watu wale alikuwamo mmoja mweupe, aliyevaa joho refu, mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayetaka kukumbatia. Kadi yake iliandikwa *Le Revenant*. Nilikuwa nimejifunza *revenir*, kurudi. Nikaelewa: yule anayerudi. Nilikaa kitako na kadi ile mkononi, nikamshukuru Bwana.

Nilimwita Léon. Nikamweka upande wetu, mbele ya askari.

Kadi ilisema anapita katika kuta. Sikushangaa. Bwana Yesu naye aliingia milango ikiwa imefungwa. Ilisema mikono yake ni baridi. Nikasema, safari ni ndefu, mtu atakosaje baridi? Na ilisema akiangushwa, dadu itupwe, naye anaweza kuinuka tena. Neno hilo, *il se relève*, nililijua kutoka kanisani. Wengine walikufa mle mwinani, askari, mzee, mama wa fimbo. Léon aliinuka. Mara kwa mara dadu ilikataa, lakini mara nyingi aliinuka.

Dada yangu mkubwa Émilienne alinikuta siku moja nimepiga magoti juu ya kartoni.

"Numbi, hii ni fetishi?"

"Ni mchezo, yaya. Ni ya Bazungu."

"Bazungu nabo beko na fetishi." Alimwinua Léon kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mende. "Na huyu, juu ya nini ananiangalia hivi?"

"Mwache. Ni yeye anarudi."

Alinitazama, akamrudisha polepole mahali pake. Alijua kwa nini nilisema hivyo. Wakati huo Papa Swedi alikuwa ameshakuja.

Papa Swedi ni Mwislamu, mchuuzi wa samaki wakavu. Huwanunua Bukama, huwauza sokoni kwetu. Alikuja nyumbani akavua kofia mlangoni, akasema, "Mama Numbi, nimetoka Bukama. Ni juu ya bwana yako. Uketi kwanza." Sikuketi. Alisema Léon amekufa, na kabla hajaongeza neno nilimwambia atoke, arudi na habari yake alikoitoa. Alitoka. Tangu hapo nilipita upande mwingine wa soko.

Émilienne na wamama wa kanisa walitaka tukae kilio. Kwetu mtu asipoliliwa ni kama ametupwa. Walikuja na mkeka, nikawarudisha nao. "Nitamliliaje mtu aliye hai?" niliwauliza. Walidhani ni imani. Pasta mwenyewe alisema tuniache, huenda Mungu amenionyesha kitu. Nami niliona kweli amenionyesha. Nilikuwa nacho kimeandikwa kwenye kadi.

Jioni moja umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwapo, darasa lilikuwa limejaa. Mwalimu wetu Blaise, kijana mpole, aliandika ubaoni: *venir, venant. Partir, partant.* Akaeleza kwamba neno la namna hiyo linaonyesha mtu akiwa ndani ya tendo, akija, akiondoka.

"Nani ataniletea ingine?"

Niliinua mkono. Sikuwa na desturi ya kuinua mkono. "Minye niko na moja, *maître*. *Revenant*."

"*Très bien*, mama Numbi! Utupe mufano."

Nilisimama. Nilikuwa nimeitunga sentensi ile zamani, nikiirudia jikoni: Léon ndiye anayenirudia.

"*Léon est mon revenant.*"

Chaki ya Blaise ilisimama ubaoni. Nyuma yangu Dunia, dereva wa lori, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha zamani kuliko chetu, alicheka kwa nguvu. "Eh, mama! Uko na bwana wa makaburi!" Kisha akakumbuka Léon ni nani, akajiziba mdomo kwa kiganja. "Unisamehe, mama. Minye ni mupumbavu."

"Juu ya nini unacheka?" nikamuuliza. "*Maître*, nilikosea?"

Blaise alifuta mikono kwenye suruali. "Haukukosea, mama. Ukisema *revenant du marché*, akirudi kutoka soko, ni sawa. Lakini ukiweka *le* mbele yake, *un*, *mon*..." Akatafuta neno. "Inakuwa jina. Ni muntu mwenye alikufwa, na anarudi kuonekana. Kwa sisi tunasema muzimu."

"Ni *le* tu?"

"Ni *le* tu, mama."

Niliketi. Nilitoa kadi katika Biblia yangu, nilikokuwa nimeiweka, nikaisoma toka juu hadi chini. Kuta. Mikono ya baridi. Huinuka, kwa sababu hakuna kifo kilichobaki cha kumwua. Nilikuwa nimesoma yote sawasawa isipokuwa jina. Na nilipogeuza kadi niliona alama ndogo nyekundu ambayo kadi zote za maadui zinayo.

Nilikuwa nimemwomba Mungu anifundishe kusoma. Alikuwa amejibu.

Kesho yake asubuhi nilienda sokoni, upande wa samaki. Papa Swedi aliniona kwa mbali, akaacha kupanga.

"Papa Swedi," nikasema, "siku ile nilikufukuza haukumaliza. Maliza."

Alisogeza gunia la chumvi nikae. Sikukaa.

"Treni iliharibika mbele ya Bukama," alisema. "Bantu bakalala pembeni ya njia ya reli, siku mingi. Mama yake alikufwa wa kwanza. Léon akabaki anachotea bantu maji, bazee, bamama wenye watoto. Maji ilikuwa mubaya. Nayeye ikamukamata tumbo. Minye nilikuwa pale juu ya kununua samaki. Akaniuliza: unatoka Likasi? Nikasema ndiyo. Akafurahi sana, mama. Akasema, basi unamujua Numbi."

"Nani alimzika?"

"Minye na bantu ya gare. Pembeni ya mama yake." Akainamisha kichwa. "Hapakuwa pasta. Maombi yenu siijue. Nilimusomea ya kwetu. Unisamehe kama ni mubaya."

Nilitaka kumwambia kwamba Mungu alisikia. Nilifungua kinywa ili niseme hivyo, lakini kilichotoka hakikuwa maneno. Nikajikuta chini, kwenye vumbi na magamba ya samaki, na sauti yangu ikaenda juu ya soko lote.

Sokoni kwetu wamama hawaulizi kwanza. Yule wa unga alifunika beseni lake akaja. Yule wa makaa akaja na mikono yake myeusi. Walifungua vitambaa vya kichwa, wakaketi chini wakinizunguka, wakaanza kulia nami. Mmoja wao, mama mzee nisiyemjua, aliniinamia sikioni, kwa maana mtu huliliwa kwa jina lake.

"Ni nani, mutoto wangu? Tumulilie nani?"

"Léon," nikasema. "Ni bwana yangu. Amekufwa."