Fundi wa Kawaida

Kwenye karakana ile ya meli hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Najua, na yeye hakukasirika, maana alijua kwa nini. Ukimwambia winchi imekwama, anajua. Ukimwambia mkeo kajifungua, anajua, tena pacha. Siku moja fundi umeme alimtungia uongo kwamba bahari imehamishwa, naye akajibu, "Najua, walinipigia simu," kisha akaenda dirishani kuhakikisha.

Mtu wa namna hii huchekesha mpaka siku neno lake linapoandikwa kwenye faili la serikali.

Maana shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, ambaye kazini wote walimwita Kimya, alikuwa amebuni kitu. Meli za kubebea magari huwa na sitaha ya kati inayopanda na kushuka: yakija malori inainuliwa, yakija magari madogo inashushwa. Pale karakanani sitaha hizo ziliinuliwa kwa winchi nne, moja kila kona, na winchi nne ni sawa na watu wanne wanaobeba kabati, kila mmoja anasema mwenzake ndiye anayechelewa. Sitaha inalalia upande, inakwama, watu wanatukanana. Kimya aliondoa winchi tatu, akabaki na moja, akapitisha nyaya kwenye makapi, yale magurudumu yenye mfereji wa kupitishia waya, na katikati ya sitaha akazipishanisha, waya wa kona hii ukaenda kona ya mkabala. Kona moja ikitaka kubaki nyuma, nyingine zinaivuta. Sitaha ikapanda imenyooka, hata kikombe cha chai hakimwagiki. Alikiweka kweli, mbele ya watu, sitaha ikapanda nacho mpaka juu.

Basi akaomba hataza, yaani hati ya serikali inayosema kitu hiki kakibuni fulani na asikiige mtu. Kwa miezi minne ombi halikuonekana. Lilikuja kupatikana idara ya kilimo. Karani alikuwa amesoma "Mpangilio wa Nyaya na Makapi" akadhani ni habari za kupeta nafaka.

Likarudishwa panapohusika, na mkaguzi akaja karakanani. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, sauti ya chini, kalamu haipumziki. Aliizunguka sitaha ya majaribio, kisha akamgeukia fundi wa kwanza aliyemwona, na fundi huyo alikuwa Najua, aliyesimama pale makusudi.

"Mzee, hili la kupishanisha nyaya unalionaje?"

"Hilo?" akasema Najua. "Hilo nalijua zamani."

Mkaguzi akaandika.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Kimya aliisoma, akaikunja, akaiweka mezani. Mkewe akaikunjua, akaisoma, akavaa viatu, akaenda nayo moja kwa moja kwa kaka yake. Barua ilisema kapi linajulikana, waya unajulikana, na kuzipishanisha nyaya ni jambo ambalo fundi wa kawaida angelifikiria bila taabu, kama alivyothibitisha fundi mmoja papo hapo karakanani. Mwombaji alipewa siku thelathini za kujitetea, la sivyo ombi lingefungwa.

"Kaka," akasema, "huyo fundi wa kawaida ni nani?"

Najua aliisoma mara mbili. Nami nitasema ukweli hata kama haupendezi: kilichomchoma kwanza hakikuwa hasara ya shemeji yake. Kilikuwa lile neno.

"Mimi wa kawaida?"

"Hilo ndilo uliloliona humo?" Dada yake alivuta kiti akakaa. "Miaka sita mume wangu anachorea kwenye meza ya chakula. Miaka sita nakula sahani ikiwa magotini. Halafu wewe unamwambia mkaguzi ulijua zamani. Ulijua?"

"Nilisema tu."

"Basi nenda kaseme tu kwamba hukujua."

Najua akafungua kinywa. Alijaribu, msimwonee. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, likageuza.

"Nitaona," akasema.

Kimya hakumlaumu, na hapo ndipo palipomtesa. Walifanya kazi bega kwa bega kama kawaida, Kimya akimwomba spana namba kumi na saba na kusema asante. Najua angefurahi kutukanwa. Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Shemeji, una hasira na mimi?"

"Hapana."

"Kwa nini huna?"

Kimya alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. "Nilidhani pengine ulijua kweli. Wewe ni fundi kunishinda. Kila nilipokwama kwenye ule mchoro nilikuwa najiuliza, hivi shemeji angefanyaje?"

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuitoa karakanani. Najua alirudi nyumbani mchana ule akisema tumbo linamsumbua.

Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku. Mkewe alikuwa akilijua kwa miaka mingi, akidhani limejaa barua za mwanamke fulani, na alikwisha msamehe zamani. Hazikuwa barua. Ilikuwa michoro, miaka kumi na moja ya michoro, yote ya sitaha moja inayokataa kupanda imenyooka. Alianza kabla Kimya hajamwoa dada yake. Alijaribu waya mnene, waya mwembamba, makapi makubwa, makapi mawili mawili. Mwaka wa saba aliongeza winchi ya tano, jambo ambalo mpaka leo hataki lizungumzwe. Hakumwonyesha mtu hata mmoja, kwa sababu kuonyesha ni kuuliza, na kuuliza ni kutojua.

Siku ya ishirini na nane walipanda kwenda ofisini kwa mkaguzi, ghorofa ya nne: Kimya, mkewe, na Najua na sanduku lake. Walipanda kwa ngazi. Lifti ilikuwa imekwama, na mafundi wote wawili waliipita wakiangalia chini.

Mkaguzi alifungua faili. "Mzee, hapa nimeandika ulilijua zamani. Bado unasema hivyo?"

Najua aliomba maji. Akanywa. Akaomba tena. Dada yake alimtazama, na shemeji yake akatazama dirisha ili asimwaibishe.

"Siku..." akasema Najua, sauti ikakatika.

"Siku gani, mzee?" Mkaguzi alikwisha weka kalamu kwenye karatasi.

"Si siku. Sikujua."

Kimya akageuka. Najua hakungoja aulizwe zaidi, maana alijiogopa. Alifungua sanduku na kupanga michoro mezani, mwaka kwa mwaka, mpaka faili la mkaguzi likafunikwa.

Mama yule alivaa miwani akapitia michoro yote, taratibu, akisoma tarehe. "Miaka kumi na moja," akasema. "Na hukufikiria kuzipishanisha?"

"Nilizinyoosha. Kila mara nilizinyoosha. Siku shemeji alipopandisha kile kikombe cha chai nilienda nyuma ya ghala nikajifanya natafuta kitu."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Uso wa kurudi nao."

Mkaguzi alivua miwani. "Sasa umenipa kazi," akasema. "Mimi niliuliza kama fundi wa kawaida angelifikiria. Lakini aliyechora hivi si wa kawaida. Nimekagua michoro miaka mingi, na michache ni safi kama hii." Najua akaanza kuvimba. "Kwa hiyo nitaandika: fundi mwenye ujuzi kupita wa kawaida alijaribu miaka kumi na moja, akashindwa. Kama yeye alishindwa, basi jambo lenyewe si la kawaida, na pingamizi langu naliondoa."

"Hilo la akashindwa," Najua akasema, "haliwezi kukaa nje?"

"Bila hilo shemeji yako hapati kitu."

Najua alimtazama Kimya, kisha dada yake, aliyekuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Liandike," akasema. "Liandike vizuri lisomeke."

Wakati wa kushuka Kimya ndiye aliyebeba sanduku. Ghorofa ya pili alisimama, akalifungua juu ya goti, akatoa karatasi moja iliyogeuka rangi.

"Huu wa mwaka wa tatu," akasema. "Shemeji, hapa ulikuwa umebakiza kidogo sana. Ungenionyesha siku zile, leo kwenye hati tungekuwa wawili."

Najua alivuta pumzi, na dada yake, aliyemfahamu tangu utotoni, akafumba macho akilisubiri lile neno.

"Wapi?" akauliza Najua. "Hebu nionyeshe."

Kimya akaketi kwenye ngazi, akasogea kumpisha, akatoa penseli mfukoni. Dada mtu aliwapita taratibu na kuwaambia watamkuta chini.