Bolti ya Ethi

Fundi wa umeme wa magari aliyeitwa Cheche hakuwa mzembe. Alikuwa na haraka tu, ingawa wateja wengi hawakuona tofauti. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe hata chai huinywa kama mtu anayekimbizwa. Basi asubuhi ile, dada mkubwa wa mkewe alipoingia gereji na pikapu inayovuta tela, Cheche alijiapiza kimoyomoyo kwamba leo atakwenda taratibu.

Shemeji yake huyo alikuwa akikodisha viti na mahema ya sherehe, na watu walimwita Mama Viti. Kabla ya saa sita mchana alitakiwa kufikisha viti mia mbili kwenye harusi, ng'ambo ya vilima.

"Nikikanyaga breki, indiketa inawaka," alisema. "Nikiwasha indiketa, taa zote zinafifia. Sijui tela limerogwa?"

"Halijarogwa, shemeji. Limekosa ethi."

Akamweleza kwamba umeme ukishawasha taa lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Njia yenyewe, ndiyo ethi, ni waya mweupe uliofungwa kwa bolti kwenye fremu ya tela. Bolti ikiliwa na kutu, umeme unatangatanga na kupita kwenye balbu zisizouhusu, kama mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo.

Cheche akajilaza chini ya tela. Bolti ilikuwa imeoza kweli, ikamkatikia mkononi. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akabana kichwa kipya kwenye ule waya mweupe, akatoa bolti mpya. Hapo simu ikaita. Mteja mmoja gari lake lilikuwa limezima njia panda, na alikuwa akilalamika bila kuvuta pumzi. Cheche akatoka chini ya tela simu ikiwa sikioni, akamwashiria shemeji yake akanyage breki. Taa zikawaka. Indiketa kushoto, kulia, zote safi.

"Tayari, shemeji."

"Umemaliza kweli, au umemaliza kwa mdomo?"

"Kweli kabisa."

Mama Viti akaondoka. Cheche akatupia zana kwenye mfuko, akajipapasa akitafuta ufunguo wa pikipiki. Katika mfuko wa shati vidole vyake vikagusa ile bolti mpya.

Akasimama palepale, bolti mkononi. Taa zilikuwa zimewaka kwa bahati. Alipokuwa chini akilitikisa tela, vyuma vya pale linapoungana na gari vilibanana, umeme ukapata pa kurudia. Mashimo mawili matatu ya barabarani yangetosha kuviachanisha. Akatazama vilimani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi nusu ya mlima, na mvua imeanza.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Mama Viti hapokei simu akiwa kwenye usukani, hata angepigiwa na marehemu mama yake. Cheche akampigia yule mteja wa njia panda, akamwambia atafute fundi mwingine, akakata kabla ya kutukanwa.

Mlima aliupanda mvua ikimchapa usoni. Kila lori alilolikuta mbele alilipita akitafuta tela. Alijaribu kujituliza kwamba huenda vyuma bado vimeshikana, lakini roho ikakataa katakata. Aliifikiria jioni hiyo, mkewe akiuliza dada yake amepatwa na nini, akaongeza mwendo.

Alipovuka kilele, kwenye kona ya tatu ya mteremko, akaona turubai limefunika mlima wa viti, likisonga polepole ndani ya ukungu. Nyuma ya tela palikuwa giza tupu. Mama Viti akapunguza mwendo kwenye kona, wala hakuna taa iliyowaka. Nyuma ya Cheche lori lilikuwa likiteremka kwa kasi.

Hakuwaza mara mbili. Akakaa katikati, kati ya lori na tela, akawasha indiketa ya pikipiki, akawa anapunga mkono mmoja kama kichaa. Lori likapiga honi ndefu, magurudumu yakateleza, likayumba upande wa pili na kuwapita kwa upana wa mkono. Honi ile ndiyo iliyomfanya Mama Viti asimame pembeni.

Akashuka na mwavuli. "Shemeji? Kuna nini?"

Ulikuwepo uongo mwepesi: bolti imelegea njiani, barabara mbovu. Nani angejua? Cheche akaingiza mkono mfukoni.

"Sikuifunga," akasema, akimwonyesha bolti. "Simu iliita, nikasahau. Nilikuambia tayari, kumbe bado."

Mama Viti aliiangalia ile bolti, akaiangalia barabara lilikotokomea lori. Cheche alipojilaza matopeni, alimshikilia mwavuli juu ya miguu, maana ndiyo pekee iliyobaki nje. Spana ilimponyoka mara mbili. Akakaza, akavuta waya, akakaza tena.

"Sasa kakanyage breki wewe," Mama Viti akasema, "mimi nitaangalia."

Akalitikisa tela kwa mikono miwili mpaka viti vikagongana, akaangalia tena. Taa hazikucheza.

"Mke wako ananiambia una haraka," alisema akifunga mwavuli. "Hilo nimeliona. Ungenidanganya, ningeamini, na nisingekuletea tena hata tochi. Sasa panda pikipiki ukae nyuma yangu mpaka tufike."

Akamfuata. Kila taa nyekundu zilipokolea mbele yake, alishusha pumzi, kisha akaanza kuhofia kona inayofuata. Walifika wamechelewa nusu saa, wageni wamesimama kando ya ukuta wakikwepa matone. Mama Viti akamtupia kitambaa bila kumtazama.

"Futa viti. Na hivyo navyo ufute polepole."

Cheche akaanza na safu ya mbele, matope yakimkaukia mgongoni, masikio bado yakisikia honi ya lori.