Bwana Pua Haruki Mstari

...elfu kumi na nane, nasema, zangu zimo ndani ya kile kisanduku chako cha kukusomea, mimi mtu wa kusema wazi, simung'unyi maneno, katika elfu arobaini na mbili ulizolipa, kumi na nane ni jasho langu, zilikuwa za kibanda changu cha ufundi, nikakupa mkononi noti kwa noti, leo nazitaka, na mke wangu amenyoosha mkono juu ya meza, kiganja kimetazama dari, anasubiri nimuungie waya wa hedifoni yake, anasema, najua Fundi, nilizikunja pembe mwenyewe ili nizitambue kwa vidole, sijasahau, kwa upole ule ule anaowajibu nao makarani wa wakili wanapompigia kuuliza kazi yao ya chapa, na upole huo unanichemsha kuliko hiki chuma cha kuchomelea ambacho hata hakijapata moto, nimekichomeka sasa hivi, kinataka dakika tano ndipo risasi iyeyuke, dakika tano za kukaa naye uso kwa uso na hedifoni mapajani mwangu, waya vipande viwili, kimoja ninacho mimi, kimoja anacho yeye, anakizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, anakizungusha, anakizungusha, na nyuma yake kompyuta imekaa na kioo cheusi kama jiko lililozimwa, maana yeye kioo cha nini, siku ya kwanza tu alisema kinakula umeme bure, akazungusha kitufe cha mwanga mpaka mwisho, tangu siku hiyo anaandika gizani na kusomewa masikioni, na mimi niliyekuwa macho yake miaka kumi na moja nakaa kwenye kochi nasikia tik tik tik za vitufe, kama mtu aliyeachwa nje ya mlango na ndani watu wawili wanaongea... nazitaka mwisho wa wiki, nasema, na kwa nini mwisho wa wiki sijui, kinywa kimejisemea chenyewe, hasira zangu ni moto wa karatasi, marehemu mama alikuwa anasema mwanangu huyu ukimwacha ahesabu kumi atakuwa ameshaomba radhi, ila leo nimehesabu siku tatu na sijaomba... Bwana Pua, hilo ndilo jina nililompa yule wa ndani ya kisanduku, maana anaongea kama mwenye mafua, maneno yetu anayakanyaga kanyaga, na hana akili hata ya kuku, kila kilichoandikwa anakitaja, anataja mkato, anataja nukta, anataja fungua mabano na funga mabano, anataja namba ya sanduku la posta na tarehe, kosa la chapa analisoma lilivyo, mtu mwenye busara angelirekebisha njiani, mimi nilikuwa nalirekebisha, mimi nilikuwa nasoma barua kama inavyopasa barua isomwe, palipo na huzuni nashusha sauti, palipo na mzaha nacheka kwanza mimi ndipo yeye, na yeye anafumba yale macho ambayo hayana haja ya kufumbwa na kuniinamishia kichwa, sikio la kushoto, siku zote la kushoto, na hilo sikio sasa limefunikwa sponji nyeusi... Na shemeji naye, dada yake mkubwa, siku alipokuja kukiona kisanduku akanipiga bega, hongera shemeji, umepata mume mwenza, na mzuri kweli, hali, halali, hakoromi, akizidisha maneno unamzima kwenye swichi, wakacheka wote wawili mpaka mke wangu akashika ukuta, na mimi nikacheka, kicheko cha meno, nikaenda uani kufungua redio ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Unasikia, anasema mke wangu, wakili ana hati kurasa arobaini, anazitaka kesho kutwa, na spika ikipiga kelele humu ndani mimi sielewi ninachopiga, kwa hiyo unga Fundi, na mimi nasema chuma hakijapata moto, na ni kweli, nakigusa kwa kidole chenye mate, kimya... Kurasa arobaini. Zamani za taipureta hati kama hiyo ilikuwa yangu na yake, yeye anapiga, haoni alichopiga, ukurasa ukitoka naupokea mimi, naupitia kwa kalamu, hapa herufi imedondoka, hapa umerudia mstari, naye anasema ahsante macho yangu, na mimi shule niliiacha darasa la nne, kusoma nilijifundisha kwa karatasi zilizofungiwa vipuri, kwa vitabu vya michoro ya redio, neno kwa neno, nikiwa na miaka ishirini na mbili, wa kunisahihisha hayupo, halafu mtu mwenye cheti cha chapa, aliyekaa miaka tisa kwenye shule ya wasioona, anasubiri wino upite machoni mwangu kwanza ndipo kazi yake itoke nje ya nyumba, sasa hiyo fahari niiweke wapi, niifungie kwenye kopo gani... leo anabonyeza kitufe, Bwana Pua anamwambia mwenyewe kosa liko wapi, na hati inakwenda kwa wakili bila kunipitia hata kwa salamu. Lakini si hati. Niseme wazi basi, si mimi ndiye mtu wa wazi, mteja akileta redio iliyokufa simwambii iache nitaiangalia, namwambia imekufa, kaizike, na bei ya kuifungua silipishi, mtaa mzima unajua, kwa hiyo niseme wazi japo kichwani mwangu tu, si hati, ni diski, zile diski bapa zinazokuja kwa posta ndani ya bahasha ngumu kutoka kwa mwalimu wake wa chapa, yule mwenye macho mawili mazima na mwandiko wa kulala kama nyasi za baada ya upepo, miaka yote aliandika kwa mkono na miaka yote nilisoma mimi, nikamjua kuliko ninavyomjua kaka yangu, najua alivyofiwa, najua goti lake, na yeye ndiye aliyeandika mwaka jana kwamba shuleni vimeletwa visanduku vya kusoma kwa sauti, unaunganisha na kompyuta, mtumiaji anajisomea mwenyewe, na mstari huo nilimsomea mke wangu wote kwa sauti nzuri, sikuuruka, sikujua ninachokisoma, mtu anasoma hati ya kufukuzwa kwake na kuipamba... Mke wangu amesema kitu, nimesikia mwisho tu, au sikusikia. Unasemaje, nasema. Hakuna, anasema, nitakuuliza, maliza kwanza unachowaza. Kama ananisikia. Ananisikia, huyu mwanamke anasikia noti ikikunjwa chumba cha pili... Sasa anaandika kwenye diski, huyo mwalimu, anaitia kwenye bahasha, mke wangu anaitia kwenye mashine, anavaa hedifoni, uso unabadilika, unatabasamu, unakunja paji, unatabasamu tena, na mimi napima huo uso kama napima mkondo wa umeme kwa kidole, natafuta penye shoti, yanamchekesha nini, maneno gani hayo yasiyoweza kupita hewani kama maneno ya watu, na kumuuliza siwezi, nikimuuliza anasema salamu tu, anakusalimia, na mimi najua mtu anavyosema salamu tu, najua sana, hilo neno lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi... Jumatatu bahasha ilipofika alikuwa bafuni. Koleo ya kukatia waya ilikuwa mfukoni. Sikuwaza, au niliwaza lakini mkono ulikuwa mbele, shingoni mwa hedifoni, tak, mara moja, nikairudisha mahali pake, nikakaa kwenye kochi na redio ya mtu mapajani, akaja, akatia diski, akavaa, akasikiliza, akatikisa kichwa, akazivua, akachomoa waya, na sauti ya Bwana Pua ikaja sebuleni, mimi nimeinamia redio kama nasali, nasema moyoni haya sema, semeni yenu leo, na Bwana Pua akasema mkato, akasema goti linaendelea nukta, akasema tumepokea riboni za taipureta ulizotutumia nukta, na hakuna, hakuna mpenzi, hakuna wangu, hakuna hata neno la kupandisha nyusi, nilianza kujiona mpumbavu na kufurahi upumbavu wangu, nilitaka hata kuinuka nimchemshie maji ya chai, ndipo yule wa pua akasema, ile nafasi ya kufundisha wasichana chapa niliyokuandikia miaka sita iliyopita mkato hukunijibu mkato nikadhani umeikataa mkato ikapewa mwingine nukta, na mke wangu akabonyeza kitufe. Akairudisha. Hukunijibu mkato. Akabonyeza. Hukunijibu mkato. Mara tatu. Kwa sauti ile ile, haikushuka kwa huzuni, haikuongeza, haikupunguza, na bisibisi ilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kukumbuka inafungua upande gani... Siku tatu hajaitaja hiyo nafasi. Siku tatu mimi ndiye ninayesema, naanza na umeme, nahamia kwenye bei ya hiki kidude, leo nimefika kwenye elfu kumi na nane, na kweli ni zangu, halali yangu, lakini miezi minne kisanduku kiko hapa sikuwahi kuzitaja, zimenikumbuka Jumatatu... Miaka sita iliyopita ilikuwa mchana wa jua, kalala chali mkekani, miguu ukutani, mikono chini ya kichwa, anasema soma polepole, nami nasoma, mpendwa mwanafunzi wangu, hali yangu si mbaya, nikafika pale, kuna nafasi hapa shuleni, mshahara wa serikali, nyumba ipo ila ndogo, kwa kuanzia ungekuja peke yako, na nafasi hii nimekufikiria wewe kwanza, na ulimi wangu ukaruka kama mtu anavyoruka dimbwi na viatu vipya, ukatua kwenye wasalimu wote. Ndiyo basi, akasema. Ndiyo basi, nikasema. Akasema, mbona hujageuza karatasi, mwalimu huwa anaandika pande mbili. Nikaigeuza, kwa kelele, ili asikie, na upande wa pili kulikuwa na masharti ya kazi, na tarehe ya kujibu, nikasoma, anasema huku mvua zimenyesha sana mwaka huu. Mvua. Naye kwa wema wake akapiga chapa barua ya kuulizia mvua, mazao vipi, barabara zinapitika, na mwalimu akajibu mvua gani binti yangu, huku ni ukame mwaka wa pili, kwa hiyo na hilo nikaliruka, na lililofuata, uongo wa mvua ulizaa na kujukuu, kuna barua nilizozisoma nusu, kuna niliyoisoma mstari wa kwanza na wa mwisho na katikati nikatunga mimi, wa darasa la nne, na kwa haki ya Mungu zilikuwa nzuri, alizicheka, mwenyewe alisema mwalimu siku hizi anaandika kwa mzaha... na jioni zile alipokuwa anapiga hati za wakili kwa malipo ya ukurasa, mgongo unamuuma, namkanda mabega, nasema pole, na kumkanda kwangu kulikuwa kweli, hapo sikudanganya, mtu anaweza kukanda kweli mgongo aliouumiza mwenyewe... Chuma kinatoa moshi kidogo. Kimepata moto, anasema, nasikia harufu. Ndiyo, nasema, na sikiinui. Fundi, anasema. Naam. Waya ukichoka, ukakatika wenyewe, unakatikaje. Na mimi kwa kuwa ni kazi yangu, na swali la kazi hulijibu kabla sijaliangalia mdomoni, nasema unafumuka, nyuzi moja moja, unaacha ndevu. Anazungusha kile kipande chake kati ya vidole viwili, vidole vinavyosoma maandishi ya wasioona, vinundu vidogo kuliko mbegu ya ufuta, mtu mwingine yeyote ningemdanganya kwa waya, yeye nimemwandikia ushahidi kwa maandishi anayoyajua, anasema, huu hauna ndevu. Na hasira inanipanda, nasema kwa nini nisijue, nyumba ni yangu, nisijue mke wangu anaambiwa nini, au nadhani nimesema, sijui, maana nyuma yake kioo ni cheusi na ndani yake naona mtu, amekaa, ana waya mkononi, na huyo mtu alikuwa anaambiwa siku zote, kila neno, miaka kumi na moja, ni yeye pekee humu ndani aliyekuwa anaambiwa kila kitu... na nilikuwa nadhani namwonea wivu yule wa pua kwa sauti yake, sauti gani, kama bati linaburuzwa, au kwa lile sikio la kushoto, kumbe namwonea wivu mkato, namwonea nukta, mpumbavu asiye na akili ya kuku, hajui kurekebisha, hajui kutunga, hajui kupenda hata akampenda mtu mpaka akamwibia, hajui kuruka... na inanijia furaha ndogo ya aibu, kwamba barua za mkono hawezi, zile za karatasi za mwandiko wa nyasi zilizo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati Bwana Pua atazikodolea tu, wa kuzisoma humu ndani bado ni mimi, bado ananihitaji, na furaha hiyo haijakaa hata kitako ninaona sura yake, naona itakavyokuwa, mimi na zile karatasi, sauti yangu, na yeye akisikiliza kila ninapomeza mate. Elfu kumi na nane zako utazipata mwisho wa mwezi, anasema mke wangu, wakili akilipa, zote, noti kwa noti, na mkono wake bado uko palepale juu ya meza, kiganja kimetazama dari, chuma bado kinatoa moshi, waya bado vipande viwili. Na changu unilipe leo, anasema. Barua ziko kumi na tatu, nimezihesabu. Shusha kopo. Nisomee, na mikato yake.